Koko halii: macho ya wazee wetu yamekauka



Wiki iliyopita, baada ya mkutano wa likelemba, tulibaki wachache tukingoja mvua ikatike. Kati yetu alikuwemo koko mmoja ambaye wengi wenu mnamfahamu, maana hakosi mkutano hata siku moja. Alikaa karibu na mlango, na kila baada ya muda mfupi alishika ncha ya kitenge chake akajipangusa macho. Mtoto mmoja mdogo alimtazama sana, kisha akamwuliza mama yake: "Mama, kwa nini koko analia?"

Sisi wakubwa tulinyamaza. Kila mmoja alikuwa na jibu lake moyoni. Mmoja alidhani koko anawakumbuka watoto wake waliopotea vitani. Mwingine alidhani ni moshi. Na tuseme ukweli, tulijua pia kwamba kijijini wapo watu wanaosema jambo lingine, kwa sauti ya chini, juu ya mwanamke mzee mwenye macho mekundu.

Koko mwenyewe ndiye aliyejibu. "Silii, mjukuu wangu. Macho haya yanamwaga maji yenyewe, sasa ni mwaka wa tatu. Tena yanawasha kama mtu aliyetia mchanga ndani."

Kesho yake wawili wetu tulimsindikiza mpaka kituo cha afya. Muuguzi alimwangalia kwa tochi, akageuza kope zake polepole, akamwuliza maswali mengi. Mwishoni akasema: "Koko, macho yako yamekauka."

Tulicheka. Macho yanayolowesha kitenge kutwa nzima yatakuwaje makavu? Muuguzi hakukasirika. Alitueleza taratibu, na sisi tukaona ni vizuri maelezo hayo yawafikie wote, pamoja na mengine tuliyoyatafuta. Kwani ni nyumba ngapi hapa Burungu zisizo na mzee anayejipangusa macho?

Machozi si ya kilio tu

Tumezoea kudhani machozi huja siku ya msiba au siku ya kukata vitunguu. Kumbe jicho halikosi machozi hata dakika moja. Kuna machozi ya aina tatu. Ya kwanza ni yale ya kila saa, machache sana, yanayolowesha jicho bila sisi kujua. Ya pili huja kwa ghafla kitu kinapolichokoza jicho: moshi, vumbi, kitunguu, mdudu. Ya tatu ni ya moyo, ya huzuni na ya furaha.

Yale ya kwanza ndiyo yanayolinda jicho. Tezi kubwa inayotoa maji yake iko juu ya jicho, upande wa nje, chini ya mfupa wa nyusi. Zipo pia tezi ndogo ndogo ndani ya kope. Kila tunapopepesa macho, na mtu hupepesa kama mara 15 hadi 20 kwa dakika, kope hueneza machozi juu ya jicho kama mama anayepaka mtoto mafuta. Yaliyozidi huingia katika vitundu viwili vidogo vilivyo kwenye pembe ya jicho karibu na pua, kimoja juu na kimoja chini, yakashuka mpaka puani. Ndiyo sababu tukilia pua nayo hutiririka, na ndiyo sababu dawa ya macho huonekana chungu kooni.

Lakini machozi si maji matupu. Yana tabaka tatu. Chini, linalogusa jicho, kuna ute unaoshikilia maji yasiteleze. Katikati kuna maji yenyewe, yenye chumvi na vitu vya kupigana na vijidudu. Juu kabisa kuna mafuta membamba sana. Mafuta hayo hutoka katika tezi zilizojipanga kwenye ukingo wa kope, nyuma ya nywele za kope, makumi kwa kila kope. Daktari Mjerumani Heinrich Meibom alizieleza tangu mwaka 1666, na mpaka leo zinaitwa kwa jina lake.

Kazi ya mafuta hayo ni ile ile ya kifuniko juu ya sufuria. Ukiweka maji kwenye mbabula bila kifuniko, yanakwisha upesi. Ukifunika, yanakaa. Jicho lisilo na mafuta ya kutosha linaweza kuwa na maji, lakini maji hayo yanakauka kabla ya kope kupepesa tena.

Umri unabadili nini

Uzee hauanzii kwenye mvi tu. Miaka inavyopita, tezi ya machozi hupungua nguvu na kutoa maji machache. Tezi za mafuta nazo huziba, nyingine hunyauka kabisa, na mafuta yanayobaki huwa mazito. Ngozi ya kope hulegea, hasa ya chini, hata isiguse jicho vizuri. Mara nyingine kope hugeukia nje, na vile vitundu vya kupokea machozi vinaachana na jicho. Mara nyingine hugeukia ndani, na nywele zikakwaruza jicho kila mtu anapopepesa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatulijui. Jicho la mzee hupungukiwa pia na hisia. Kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, kwa kijana husikia hata chembe ya vumbi. Kwa mzee husikia kidogo. Kwa hiyo mzee anaweza kuwa na kidonda kidogo juu ya jicho na kusema tu "yananiwasha". Tusimpime koko kwa kelele anazopiga. Wazee wetu wamezoea kuvumilia, na jicho lenyewe nalo limeacha kupiga kelele.

Inafaa kukumbuka kwamba mwanzo wa maisha unafanana kidogo na mwisho wake. Mtoto mchanga akilia, wiki za kwanza hutoa sauti bila machozi. Tezi yake bado haijazoea kazi hiyo. Machozi ya kilio huanza kuonekana baada ya wiki chache. Kwa koko mambo huenda kinyume: tezi iliyofanya kazi miaka 60 au 70 inachoka.

Mbona jicho kavu linamwaga maji?

Hapa ndipo tulipocheka pale kituoni, na hapa ndipo panapotatiza familia nyingi.

Yale machozi ya kila saa yakipungua, jicho hukauka na kuanza kuwasha. Jicho likiwasha hutuma habari kwenye ubongo kwamba kuna shida. Ubongo hujibu kwa kutuma machozi ya aina ya pili, yale ya moshi na kitunguu, na hayo huja mengi kwa mara moja. Lakini ni maji tu, hayana mafuta ya kutosha kuyashika. Yanajaa, yanafurika, yanashuka mashavuni, na baada ya muda mfupi jicho limekauka tena. Basi linaomba tena, na maji yanakuja tena. Ni kama mvua kubwa juu ya mlima uliokatwa miti: maji yanapita juu yakikimbilia mtoni, na shamba linabaki na kiu.

Kwa hiyo koko anayejipangusa kutwa huenda hana machozi mengi. Huenda amekosa machozi yale yanayotakiwa.

Hatusemi kwamba kila jicho linalomwaga maji ni kavu. Wengine mfereji wa kwenda puani umeziba. Wengine kope imegeuka. Wengine wana trakoma ya zamani iliyokunja kope ndani. Ndiyo sababu ni lazima mtu mwenye ujuzi aangalie. Katika hospitali yenye huduma ya macho wanaweza kupima kwa kikaratasi chembamba kinachotundikwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5. Njia hiyo ilibuniwa na daktari Otto Schirmer mwaka 1903. Karatasi ikilowa milimita 10 au zaidi, machozi huhesabiwa kuwa ya kutosha. Isipofika milimita 5, jicho ni kavu sana. Ni kipimo rahisi, na hakiumi.

Kwa nini sisi wanawake zaidi

Macho makavu huwapata wanawake kuliko wanaume. Sababu moja ni homoni. Tezi za machozi na za mafuta husikiliza homoni za mwili. Mwanamke akikoma kwenda mwezini, homoni hizo hubadilika na kupungua, na macho nayo hubadilika. Wengi wetu tukifika miaka 50 tunalalamika juu ya joto la ghafla na usingizi mbaya, lakini hatufikiri kwamba macho yanayowasha jioni ni sehemu ya safari ile ile.

Sababu nyingine ni dawa. Dawa za mzio na mafua zinazosinzisha, baadhi ya dawa za presha zinazokojosha sana, na baadhi ya dawa za kutuliza mawazo huweza kupunguza machozi. Anayetumia dawa ya presha asiiache kwa sababu ya macho, maana presha inaua. Ampe muuguzi orodha ya dawa zake zote, waangalie pamoja.

Mwanamke ambaye macho yamekauka na mdomo pia umekauka, hata hawezi kumeza mkate au bugali bila maji, na viungo vinamwuma, naye aseme hayo yote kwa muganga. Kuna ugonjwa wa mwili mzima unaoshambulia tezi za machozi na za mate, na wanawake ndio unaowapata zaidi.

Moshi wa nyumba zetu

Sababu nyingine ni ya hapa hapa petu, na tunaijua sote. Usiku milimani Masisi ni baridi, tunafunga mlango na dirisha, tunapika ndani kwa kuni zilizoloa mvua. Mwanamke huinama juu ya mafiga tangu akiwa binti wa miaka 8 mpaka siku anapokuwa koko. Hesabuni wenyewe: asubuhi na jioni, miaka 60. Mwanaume huingia chakula kikiwa tayari.

Wale kati yetu waliowahi kukimbia vita wanajua kwamba kambini ni vibaya zaidi. Kijumba cha shitingi ni kidogo, hakina dirisha, na mvua ikinyesha moto unawashwa humo humo. Ongeza vumbi la barabara wakati wa kiangazi, na siku zile upepo unapoleta moshi wa volkeno za Nyamulagira na Nyiragongo. Jicho la kijana hulia, likajiosha, likapona. Jicho la mzee halina maji ya kutosha ya kujiosha. Moshi ule ule unaomwacha binti na machozi ya dakika 5 unamwacha koko na macho mekundu wiki nzima.

Macho mekundu si ulozi

Sasa tuje kwenye lile jambo linalosemwa kwa sauti ya chini.

Katika nchi ya Wasukuma, kaskazini mwa Tanzania, upande wa Mwanza na Shinyanga, wanawake wazee wengi waliuawa kwa miaka mingi kwa shutuma ya uchawi. Kati ya vitu vilivyohesabiwa kuwa alama ya mchawi vilikuwa macho mekundu. Macho hayo yalitoka wapi? Kuni ni haba kule, na wanawake walipika kwa samadi ya ng'ombe iliyokaushwa na mabua, vitu vyenye moshi mkali. Mwanamke aliwapikia watoto na wajukuu wake miaka 50, moshi ukamharibu macho, kisha macho yale yale yakawa ushahidi wa kumwua.

Katika wilaya ya Magu, shirika la wenyeji liitwalo MAPERECE, pamoja na HelpAge International, lilifanya kazi ya kuwatetea wazee hao. Kati ya mambo waliyofanya ni kufundisha watu kujenga majiko yanayotoa moshi mdogo. Mafunzo ya jiko yakawa sehemu ya kulinda uhai wa mwanamke mzee.

Tusiseme hayo ni ya mbali. Mwaka 2021 jirani zetu wa Kivu Kusini walisikia vilio vya wanawake waliouawa na makundi ya watu kwa shutuma ya ulozi. Shutuma hazianzi na kiberiti. Huanza na neno dogo, kama "yule mzee, angalia macho yake." Mtoto husikia nyumbani, analipeleka shuleni, na siku mtoto wa mtu anapokufa kwa malaria neno lile linapata miguu.

Kwa hiyo sisi wamama tuna kazi ya kulizima neno likiwa bado dogo. Ukisikia mtu akisema hivyo, mjibu pale pale: "Macho ya koko yamekauka kwa umri na kwa moshi. Wewe nawe ukifika miaka yake utakuwa hivyo." Na watoto wetu tuwaeleze sababu, maana mtoto anayejua sababu hamwogopi koko wake.

Tufanye nini nyumbani

Uzee hatuwezi kuurudisha nyuma, lakini macho makavu yanaweza kupata nafuu kubwa kwa vitu vidogo vinavyofanywa kila siku.

Kwanza, kitambaa cha moto. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka mkono wako uyavumilie vizuri. Nawa mikono kwa sabuni. Lowesha kitambaa safi, kikamue, kiweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10. Kikipoa, kiloweshe tena. Joto huyeyusha mafuta yaliyoganda kwenye tezi za kope. Kisha papasa kope taratibu kwa kidole safi, ya juu ukishuka chini, ya chini ukipanda juu, ili mafuta yatoke. Mwisho pangusa ukingo wa kope kwa kitambaa safi. Fanya mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa wiki kadhaa bila kuchoka. Kila mtu na kitambaa chake, kifuliwe na kuanikwa juani.

Pili, kupepesa. Mtu akisoma Biblia au Kurani, akishona, akichambua maharagi au akitazama simu, hupepesa macho mara chache sana bila kujua. Mwambieni koko apumzike kila baada ya muda mfupi, afumbe macho kabisa, ahesabu mpaka tatu, afumbue. Arudie mara kumi.

Tatu, mtoeni koko kwenye moshi. Kuni zikaushwe kabla ya kutumika. Kama kuna nafasi, moto uwe nje chini ya paa dogo, au dirisha la jikoni lifunguliwe kila tunapopika. Koko anayependa kukaa karibu na moto kwa sababu ya baridi apewe blanketi na nafasi upande ule moshi usikoelekea. Na kazi ya kuinama juu ya mafiga waichukue walio vijana, wavulana wakiwemo.

Nne, maji na chakula. Wazee husahau kunywa maji kwa sababu kiu yao hupungua. Wapewe maji safi mara kwa mara. Mboga za majani kama sombe, lengalenga, matembele na majani ya maboga, pamoja na karoti na mafuta mekundu ya mawese tunayoletewa kutoka Walikale, hulinda macho kwa vitamini A. Hapo tuwakumbuke na watoto wadogo. Mtoto asiyeona vizuri jioni giza likiingia, au ambaye weupe wa jicho umekauka na kukosa kung'aa, huenda amekosa vitamini hiyo, na apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Siku za kampeni, watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa vitamini A bure. Tusiache ipite.

Tano, machozi ya bandia. Hii ni dawa ya matone isiyo na ukali, inayofanya kazi ya machozi. Muuguzi akiona inafaa ataiandika. Jicho lenyewe hubeba machozi machache sana, chini ya tone moja la chupa. Kwa hiyo tone moja linatosha kila mara, la pili linamwagika shavuni pamoja na franka zenu. Vuta kope ya chini, dondosha bila kugusa jicho kwa ncha ya chupa, kisha fumba macho kwa dakika moja. Someni karatasi ya dawa, maana chupa nyingi zikishafunguliwa hazifai kupita wiki 4. Na chupa ya koko ni ya koko, haizungushwi nyumba nzima.

Tusifanye haya

Tunajua mengi hufanywa kwa nia njema. Maziwa ya mama kwenye jicho. Maji ya majani yaliyosagwa. Chai, asali, chumvi, hata mkojo. Jicho kavu halina ulinzi wa kutosha, na vijidudu vinavyoingia na vitu hivyo vinaweza kuchimba kidonda kwenye kioo cha jicho. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe, na kovu likikaa katikati, jicho haliwezi tena kuona. Mwaka 1994 madaktari David Yorston na Allen Foster walichapisha uchunguzi wao wa Tanzania juu ya wagonjwa wenye vidonda vya namna hiyo. Karibu robo ya wagonjwa hao, vidonda vyao vilihusiana na dawa za kienyeji zilizotiwa jichoni. 

Jambo la pili ni matone ya sokoni. Kuna dawa za macho zenye dexamethasone au dawa nyingine za jamii hiyo. Ukizitumia, wekundu hupotea upesi na koko atakushukuru. Lakini zikitumiwa muda mrefu bila daktari hupandisha shinikizo ndani ya jicho mpaka mshipa wa kuonea unakufa, huleta mtoto wa jicho, na hulisha vijidudu kama kidonda kipo. Usinunue dawa ya macho kwa sababu ilimsaidia jirani. Jicho lake na la koko wako huenda hayaumwi kitu kimoja.

La tatu, kusugua. Jicho likiwasha mkono hukimbilia hapo, tena mkono uliotoka shambani. Afadhali kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa.

Msingoje

Macho makavu kwa kawaida huwa yote mawili, huongezeka polepole na husumbua zaidi jioni au kwenye upepo. Lakini mkiona moja ya haya, msianze kitambaa cha moto, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo:

jicho moja limekuwa jekundu na linauma sana;
kuna doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho;
koko haoni vizuri kwa ghafla, au anaona duara za rangi kuzunguka taa;
anashindwa kabisa kuvumilia mwanga;
usaha unatoka;
jicho limechomwa na kijiti, jani la mahindi au kitu chochote;
nywele za kope zinakwaruza jicho.

Na kwa mtoto mchanga, macho yenye usaha mwingi katika mwezi wa kwanza ni jambo la kukimbia usiku au mchana.

Kituo kikishindwa, kitawapa barua ya kwenda hospitali, na kwa mambo mazito ya macho mara nyingi ni Goma. Tunajua maana ya safari hiyo: pikipiki, barabara, usalama, pesa. Ndiyo sababu ni vizuri kwenda mapema, wakati shida bado inaweza kumalizwa hapa hapa.

Tulichokubaliana

Koko wetu alipewa matone na akafundishwa kitambaa cha moto. Mjukuu wake wa miaka 12 ndiye anayemchemshia maji asubuhi kabla ya kwenda shule. Siku 10 zimepita. Maji bado yanatoka, lakini koko anasema ule mchanga umepungua, na Jumapili aliimba akiangalia kitabu mwenyewe.

Katika kikundi chetu tumekubaliana mambo matatu. Kila mwanachama atamwuliza mzee wa nyumbani kwake swali moja: "Macho yako yanakusumbua namna gani?" Kisha atanyamaza asikilize. Wale ambao macho yao yanasumbua tutawapeleka kituoni pamoja, kwa siku moja, ili asiwepo mzee wa kwenda peke yake. Na sanduku letu la msaada litatenga kitu kidogo kwa ajili ya matone ya wale wasio na mtu.

Yule mtoto aliyeuliza kwa nini koko analia naye amepata jibu lake. Tulimsikia akiwaeleza wenzake barabarani: "Koko halii. Macho yake yana kiu." Nanyi waelezeni wenu hivyo hivyo.